Jarida la Kitaaluma, la Sekta au la Kawaida: Utalijuaje?

Swali: Naandika pendekezo la utafiti kuhusu makasha kukaa muda mrefu bandarini Kilindini. Mhadhiri amekata vyanzo 4 kati ya 10, ati si vya kitaaluma, na vyote nimevitoa kwenye hifadhidata ya chuo. Nitavitambuaje? – Mwanafunzi, Mombasa

Jibu: Hifadhidata hukusanya majarida ya kila aina, kwa hiyo pale ulipoipata makala si ushahidi. Fungua ukurasa wake wa kwanza. Chini ya kichwa, makala ya kitaaluma huwa na majina ya waandishi na vyuo vyao, kisha ikisiri (muhtasari wa utafiti), na mara nyingi, kwa herufi ndogo, tarehe mbili: ilipopokelewa na ilipokubaliwa. Kati ya tarehe hizo ndipo wataalamu wenzao huisoma na kudai marekebisho. Ruka hadi mwisho utazame marejeo. Halafu tafuta sehemu ya mbinu: makasha mangapi, kwa miezi mingapi, data zimetoka wapi. Makala ya utafiti isiyo na mbinu itilie shaka.

Jarida la sekta ndilo linalowapoteza wengi, maana lugha yake ni ya wajuzi: mawakala wa meli, mawakala wa forodha, wenye malori. Lloyd's List, lililoanzia London mwaka 1734, ni la kundi hili. Huandikwa na wanahabari au watu wa kazi yenyewe, marejeo kwa kawaida hayana, na matangazo yake ni ya kreni na bima, si ya sabuni. Usilitupe! Ukitaka kuonyesha lini ada ilipanda au meli zilibadili njia, litakufaa sana. Lakini ukidai kwamba ada ndiyo iliyochelewesha makasha, leta utafiti.

Jarida la kawaida halisumbui: picha tele, na "wataalamu wanasema" bila kutaja utafiti upi.

Jihadhari na kichujio cha hifadhidata, kile cha kuonyesha vyanzo vya kitaaluma pekee. Hicho hupima jarida, si makala. Tahariri, barua na uhakiki wa vitabu kwa kawaida havipitiwi na wataalamu wenza kabla ya kuchapishwa, hata vikiwa ndani ya jarida la kitaaluma. Jarida la sayansi la Nature hubeba habari na utafiti katika toleo moja. ISSN nayo, ile namba ya utambulisho wa jarida yenye tarakimu 8, hata jarida la mitindo hupewa.

Vile vyanzo 4 vipitie upya hivyo. Cha sekta kihamishie kwenye usuli wa tatizo, na mwambie mhadhiri kwa nini umekibakiza.