Barua za Wasomaji: Ni Nini Kinachoua Kwenye Umati?

Tangu nilipogusia utafiti wa umati katika toleo lililopita, barua zimemiminika. Nimechagua nne. Mimi nilisomea fizikia, kisha nikahamia kwa wanasosholojia, na kazi yangu hadi leo ni kutazama picha za video za mikusanyiko na kupima watu wanavyokwenda. Najibu kutokea hapo.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa uzamili katika sosholojia, na nataka tasnifu yangu ihusu mikusanyiko mikubwa. Msimamizi wangu anasema nijifunze modeli za wanafizikia. Wenzangu wanasema kumgeuza mtu kuwa chembe ni kumvunjia utu wake. Nimsikilize nani?

Marahaba, mwanangu. Msikilize msimamizi wako, na hofu ya wenzako uibebe pia, maana ina kazi ndani ya tasnifu yako.

Mwaka 1995 wanafizikia Dirk Helbing na Péter Molnár walichapisha modeli, yaani maelezo ya kihesabu, inayomchukulia kila mtembeaji kama kitu kinachosukumwa na kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma. Kani moja inamvuta kuelekea anakotaka kwenda, kwa mwendo anaoutaka. Nyingine zinamweka mbali na watu wengine na kuta. Ni milinganyo ya Newton ile ile ya darasani. Ajabu ni kwamba ukiiendesha kwenye kompyuta, makundi mawili yanayopishana kwenye ujia hujipanga yenyewe katika mistari, wa kwenda huku na wa kwenda kule, kama tunavyoona watu halisi wakifanya bila kuamriwa na mtu.

Mwaka 2000, Helbing akiwa na Illés Farkas na Tamás Vicsek, modeli ikaonyesha jambo lenye uzito zaidi: mlango mwembamba hupitisha watu wachache kadiri wanavyousukumia kwa nguvu. Miili hukazana ikajenga tao mlangoni, kama nafaka inavyokwama kwenye mdomo wa faneli. Majaribio ya watu halisi yaliyofanywa baadaye yalithibitisha kwamba hilo hutokea.

Sasa tuje kwa wenzako. Sayansi ya jamii nayo ilianza vibaya kwenye somo hili. Gustave Le Bon aliandika mwaka 1895 kwamba mtu akiingia kwenye umati hupoteza akili yake na kuwa kama mnyama. Wazo hilo liliishi muda mrefu mno. Lililolivunja ni kazi ya kuwasikiliza watu wenyewe. Wanasaikolojia wa jamii John Drury, Chris Cocking na Stephen Reicher walikusanya maelezo ya manusura wa mabomu ya London ya tarehe 7 Julai 2005, watu walioachwa gizani ndani ya mahandaki ya treni, wengine wakisubiri waokoaji kwa muda mrefu. Walichokikuta kwa wingi ni watu wasiojuana wakifungana majeraha, wakipeana maji, wakiongozana kutoka kwa utulivu. Hatari ya pamoja iliwafanya wajione kundi moja.

Kisha soma utafiti wa Hani Alnabulsi na Drury wa mwaka 2014. Waliwahoji mahujaji 1,194 Makka. Waliojiona kuwa sehemu ya umati ule walihisi usalama zaidi kadiri watu walivyobanana. Wasiojiona hivyo, msongamano uliwapunguzia hisia ya usalama. Miili ile ile, eneo lile lile, na hisia zinaelekea pande mbili tofauti. Hakuna mlinganyo wa Newton utakaokueleza hilo.

Lakini angalia na upande wa pili wake. Kifua kinabanwa vilevile, uwe unawapenda waliokuzunguka au huwapendi. Mtu anayejisikia salama anaweza kuendelea kuingia mahali ambapo hewa inakwisha. Ndiyo maana nasema taaluma hizi haziwezi kukaa vyumba tofauti.

Kwenye ile milinganyo ya Helbing kuna herufi inayosimama badala ya mwendo anaoutaka mtu. Mwanafizikia huijaza namba na kuendelea na hesabu. Wewe jiulize namba hiyo inatoka wapi. Kwa nini mama aliyetangulia anageuka kurudi nyuma? Kwa nini marafiki watano wanatembea kwa kasi ya anayetembea polepole kuliko wote? Kwako wewe herufi hiyo ndiyo tasnifu nzima.

Mwalimu, mimi nasimamia ulinzi kwenye mikutano na matamasha. Kila mkasa ukitokea tunaambiwa watu walipatwa na taharuki wakakanyagana. Nizuieje taharuki, na nitajuaje kwamba umati umefika pabaya?

Ndugu yangu, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu hii yote. Naomba ubadilishe unachokiwinda. Ukiwinda taharuki, utakuja kuiona wakati watu wameshaanza kufa, kwa sababu mara nyingi hiyo unayoiita taharuki ni watu wanaokosa pumzi na kujaribu kuipata.

Kinachoua ni kubanwa. Mbavu zikishindwa kupanuka, mtu hawezi kuvuta hewa, na anaweza kufa akiwa amesimama wima katikati ya wenzake. Mhandisi wa Marekani John Fruin alieleza zamani kwamba umati ukifika takriban watu 7 kwa mita ya mraba, huacha kuwa watu wanaotembea na kuanza kutenda kama kimiminika. Mawimbi ya msukumo hupita ndani yake, yanamnyanyua mtu hadi miguu haigusi ardhi na kumpeleka mita 3 au zaidi bila hiari yake. Kutokana na vyuma vya vizuizi vilivyokutwa vimepinda baada ya maafa, kani zilikadiriwa kupita nyutoni 4,500, sawa na uzito wa kilo 450 hivi. Hakuna ujasiri wala ustaarabu unaoweza kushindana na hilo.

Chora mraba wenye upande wa mita moja sakafuni kwenye chumba chenu cha mafunzo. Simamisha watu wawili, kisha wanne, kisha saba. Walinzi wako wakishaiona saba kwa macho yao, wataitambua popote. Kwa wawili watu wanatembea vizuri. Kwa wanne miili inaanza kugusana na mtu hachagui tena njia yake. Hapo ndipo pa kufunga lango la kuingilia, mapema, wakati kila mtu bado anaona kama unazidisha woga.

Kuhusu dalili. Tarehe 12 Januari 2006 zaidi ya mahujaji 340 walikufa kwenye lango la daraja la Jamarat, pale mahujaji wanaporusha mawe, Mina, karibu na Makka. Helbing, Anders Johansson na Habib Al-Abideen walichambua picha za kamera za siku ile na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Umati ulipita katika hali tatu. Kwanza ulitiririka laini. Kisha yakaja mawimbi ya kusimama na kwenda, kusimama na kwenda, yanayorudi nyuma kupitia umati. Mwishowe ukawa msukosuko, watu wakitupwa huku na huku bila mpangilio. Ile hali ya pili ndiyo kengele yako. Umati unaotembea ukianza kusimama na kwenda kwa vipindi, usingoje ripoti nyingine.

Na umati uliosimama nao una dalili yake. Mwaka 2025 kundi la wanafizikia akiwemo Denis Bartolo lilichapisha vipimo vya watu waliojazana kwenye uwanja wa mji wa Pamplona, Hispania, kusubiri ufunguzi wa sherehe za San Fermín. Msongamano ulipovuka kiwango fulani, mamia ya watu kwa pamoja walianza kuyumba kwa mizunguko, kila mzunguko ukichukua takriban sekunde 18. Hakuna aliyeanzisha. Watafiti walipozirudia picha za tamasha la Love Parade la Duisburg, Ujerumani, walikofia watu 21 tarehe 24 Julai 2010, waliikuta miyumbo ya aina hiyo hiyo. Jicho la mlinzi aliyesimama juu, au kamera yenye programu nzuri, linaweza kuiona kabla mtu yeyote hajaanguka.

Kuna jambo moja zaidi, na hili kidogo ni hesabu na kidogo ni jamii. Aliye mbele anajua anakufa. Aliye nyuma hajui kitu, anaona nafasi mbele yake anasogea. Sauti ya mbele haifiki nyuma. Kwa hiyo kazi ya mlinzi, kuliko zote, ni kuwa njia ya habari kati ya hawa wawili. Mtaani Itaewon, jijini Seoul, Korea Kusini, tarehe 29 Oktoba 2022, simu ya kwanza ya raia kuwaonya polisi kwamba watu wanaweza kubanwa hadi kufa ilipigwa saa 12:34 jioni. Maafa yakaanza baada ya saa 4 usiku. Watu 159 wakafa. Kwa takriban saa nne ule umati ulikuwa unasema, na kwa utulivu kabisa.

Ndiyo maana kisingizio cha taharuki kinaniudhi. Kinawabebesha marehemu lawama ya kifo chao. Mashabiki wa mpira waliobanwa kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989 na kupoteza wenzao 97, walisingiziwa ulevi na fujo. Ripoti ya Jaji Taylor, aliyechunguza maafa hayo, ilisema mapema kwamba chanzo kikuu kilikuwa kushindwa kwa polisi kudhibiti hali, lakini ndugu zao walingoja hadi Aprili 2016 kusikia baraza la wazee wa mahakama likitamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27. Nakuomba, ndugu yangu, siku ukiandika ripoti, anza na upana wa mlango na idadi ya watu kwa mita ya mraba, kabla hujaandika chochote kuhusu tabia zao.

Nikijikuta katikati ya msongamano mkali, nifanye nini?

Ondoka mapema, ukiwa bado unaweza kuinua mikono bila kumgusa mtu. Ukichelewa, iweke mikono mbele ya kifua kama bondia, ili mbavu zibaki na nafasi. Usisukume kupingana na wimbi. Liache likupeleke, na linapotulia sogea kimshazari kuelekea pembeni, lakini kaa mbali na ukuta na vizuizi vya chuma. Kilichoanguka kisahau. Aliyeanguka mwinue mara moja. Tunza pumzi, usipige kelele bila sababu.

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza uzamivu wa hisabati. Taasisi ya ulinzi imenipa kazi ya kuunda programu za kutabiri mwendo wa umati. Mshahara ni mzuri, lakini nafsi yangu inasita: hesabu inayookoa watu kwenye tamasha si ndiyo hiyo hiyo itakayotumika kutawanya maandamano?

Marahaba. Ndiyo hiyo hiyo, na usikubali mtu akakuambia vinginevyo.

Huko ulikosimama, Lewis Fry Richardson alisimama miaka mia iliyopita. Alikuwa Mwingereza wa dhehebu la Quaker, Wakristo wanaokataa vita, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alihudumu kwenye magari ya wagonjwa nchini Ufaransa. Aliasisi utabiri wa hali ya hewa kwa hesabu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1922. Idara ya hali ya hewa alikofanyia kazi ilipowekwa chini ya wizara ya jeshi la anga, alijiuzulu mwaka 1920. Hisabati hakuiacha. Akasomea saikolojia akiwa mtu mzima, akaandika milinganyo ya mataifa yanavyoshindana kujilimbikizia silaha, akakusanya takwimu za vita kwa miaka mingi ili ajue vinatokea kwa sababu gani. Alikataa mwajiri, swali akalibeba.

Sikuambii ujiuzulu kabla hujaanza. Watu wenye dhamiri wakiikimbia kazi hii yote, itafanywa na wengine. Ila uliza mambo matatu. Je, kamera zitahesabu vichwa kutoka juu, au zitatambua nyuso? Kujua msongamano hakuhitaji jina la mtu. Je, picha zitafutwa baada ya hesabu kukamilika, na nani atahakikisha? Na je, utaruhusiwa kuchapisha modeli yako ili watafiti wengine waikague? Modeli ya siri ikikosea, kosa litajulikana kwa idadi ya maiti. Taka majibu ya yote matatu yaandikwe ndani ya mkataba. Wakigoma kuandika la nyuso, usitie saini.