Maswali ya Wasomaji: Je, New York Giants walidhulumiwa mwaka 1908?

SWALI: Mhariri, shemeji yangu aliyewahi kuishi Marekani hushikilia kwamba mwaka 1908 timu ya besiboli ya New York Giants ilinyimwa ushindi, na hatimaye ubingwa wa ligi yake, kwa sababu kijana mmoja hakufika kituo cha pili, ilhali mwenzake alikuwa amekwisha kufunga. Mimi nasema pointi ikishaingia imeingia. Nani ana haki kati yetu?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Tukio lenyewe shemeji yako amelieleza sawasawa, ila sikubaliani naye kwamba Giants walidhulumiwa.

Ilikuwa tarehe 23 Septemba 1908, katika uwanja wa Polo Grounds, New York, Giants wakicheza na Chicago Cubs. Timu zilikuwa sare 1–1, mwishoni kabisa mwa zamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, na wachezaji wawili wa Giants walikuwa wamekwisha kutolewa; akitolewa wa tatu, zamu ya timu huisha. Moose McCormick wa Giants alisimama kituo cha tatu, cha mwisho kabla ya “nyumbani”, ambako mkimbiaji akifika hufunga pointi. Kituo cha kwanza alikuwako Fred Merkle, kijana wa miaka 19, aliyepangwa siku hiyo kwa sababu Fred Tenney aliumwa mgongo. Al Bridwell akaupiga mpira ukaenda uwanja wa kati, McCormick akafika nyumbani, na mashabiki wakamiminika uwanjani. Merkle, badala ya kukanyaga kituo cha pili, akageuka na kukimbilia vyumba vya wachezaji.

Kosa lake ni hili: mpigaji akishakimbilia kituo cha kwanza, aliyekuwapo hapo hana budi kumpisha na kwenda cha pili, na mpinzani mwenye mpira akimtangulia kukikanyaga kituo hicho, mkimbiaji ametolewa. Akiwa ndiye wa tatu kutolewa kwa njia hiyo, pointi haihesabiwi, hata kama mfungaji alifika nyumbani mapema. Johnny Evers wa Cubs aliijua kanuni hii barabara, kwani tarehe 4 ya mwezi uleule, mjini Pittsburgh, alikuwa amemlalamikia refa Hank O'Day kwa kosa kama hilo asisikilizwe. Safari hii akapiga kelele aletewe mpira. Yasemekana Joe McGinnity wa Giants aliunyakua akautupa kwa watazamaji, na kama ule aliokuwa nao Evers alipokanyaga kituo ndio uliopigwa na Bridwell, ubishi haujaisha hadi leo. O'Day akamtoa Merkle, mchezo ukahesabiwa sare, na rais wa ligi, Harry Pulliam, akaukubali uamuzi huo.

Timu hizo zikamaliza ratiba zikiwa sawa, zikarudiana tarehe 8 Oktoba, na Cubs wakashinda 4–2, wakautwaa ubingwa wa ligi.

Kwa maoni yangu refa alifuata kanuni. Ninachokiona kuwa uonevu ni jinsi Merkle alivyozomewa miaka na miaka kwa jambo ambalo wachezaji wengi wa wakati ule walilifanya bila kuulizwa. Meneja wake, John McGraw, hakumlaumu. Shemeji yako akitaka kujua ubingwa ulipotelea wapi, amtazame Harry Coveleski wa timu ya Philadelphia, mrushaji chipukizi (yule anayemrushia mpigaji mpira) aliyewashinda Giants mara tatu ndani ya siku tano, baada ya sare ile. Wangeshinda miwili tu kati ya michezo hiyo, marudiano yasingehitajika.