Mkufu wa vipete vya shaba unapoza mwili?

SWALI: Fundi, mimi nauza vitambaa katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Huu mwezi wa kumi jua linatuchoma kweli. Kijana mmoja ananitembezea mkufu mpana uliofumwa kwa vipete vya shaba, kama deraya za askari wa zamani. Anasema ukiuvaa shingoni unapoza mwili. Nimeugusa, ni baridi kabisa. Ninunue? Au wa aluminiamu ndio bora?

JIBU: Mama, baridi uliyoisikia ni ya kweli, ila haikai. Shaba, huu mukuba wetu, hupitisha joto upesi sana. Katika metali tunazozijua, fedha peke yake ndiyo inayoipita. Ukiigusa inanyonya joto la ngozi. Ikishafika nyuzi 33 au 34 kama ngozi yenyewe, imeshiba, hainyonyi tena.

Tupige hesabu. Mkufu wa gramu 100 uliolala ndani ya nyumba kwenye nyuzi 24 utachukua jouli (kipimo cha joto) 385 hivi mpaka ufikie nyuzi 34. Mwili wa mtu aliyekaa tu hutoa karibu jouli 100 kila sekunde. Basi umenunua sekunde nne. Ukiulaza kwenye frigo, siku ambayo kuranti imekubali, utapata kama sekunde kumi na moja.

Aluminiamu ya uzito uleule hubeba joto mara mbili na zaidi. Lakini ni nyepesi: mkufu wa ukubwa uleule kwa shaba una uzito zaidi ya mara tatu, kwa hiyo shaba inashinda kidogo, na shingo yako ndiyo inayolipa.

Kinachopoza mwili ni jasho likikauka. Gramu moja tu ya jasho ikigeuka mvuke huondoka na jouli 2,400 hivi, mara sita ya mkufu mzima! Hapo ndipo mfumo wa vipete una faida yake: una matundu, upepo unapita, jasho linakauka. Bamba zima la shaba lingekufunika shingo. Mimi ningefunga kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji. Sasa hivi, kabla mvua hazijashika, hewa ni kavu na kitafanya kazi vizuri. Mvua zikianza kitakauka polepole.

Juani usiuvae kabisa. Shaba ikipigwa na jua kwa muda inachoma, na ukitoka jasho itakuachia rangi ya kijani shingoni. Hiyo rangi haina shida, inatoka kwa sabuni.

Kama umeupenda kwa uzuri wake, nunua, ila ujaribu kwanza kwa mali yako mwenyewe: pitisha juu yake kipande cha kitambaa laini. Kikinasa, kuna vipete ambavyo ncha zake hazikukutana. Mrudishie kijana avikaze kwa pinsi mbele yako kabla hujatoa pesa, la sivyo utaharibu blauzi zako zote.