Rampu ni mwanzo tu: kwa aliyeuliza kuhusu dada yake mjamzito mwenye kiti mwendo

Ndugu mleta mada, nimekusoma. Dada yako anatumia kiti mwendo, ni mjamzito, na kila akitoka kliniki kadi imejazwa vizuri, lakini ukimuuliza kapimwa nini anakwambia presha na damu, basi. Umeuliza kama alalamike au ndivyo ilivyo kila mahali. Waliotangulia wamejibu kuhusu ngazi na rampu, ile njia ya mteremko ya kupitishia kiti, na ngazi zinaudhi kweli. Ila mimi nilikuwa kwenye kiti mwendo tangu kabla sijaolewa na nimejifungua nikiwa nacho, na ngazi hazijawahi kunishinda. Watu watakubeba, kwa aibu na purukushani, lakini utafika juu. Kazi inaanza ukishaingia chumba cha daktari.

Yanayompata dada yako mimi nayaita kupimwa kwa macho. Kitanda cha uchunguzi hakishuki, na mimi nikiwa nimekaa kinanifika kifuani. Siku ya kwanza kliniki muuguzi alikitazama kitanda, akanitazama mimi, kisha akamwambia mume wangu: "Tutampimia hapo hapo." Tumbo likashikwa juu ya gauni, nimejikunja kwenye kiti. Mapigo ya moyo wa mtoto hayakusikilizwa. Mizani ilikuwa ya kusimama, kwa hiyo nikaulizwa nina kilo ngapi. Nikasema sijui, ikaandikwa namba ya kukisia. Kadi yangu ilipofungwa haikuwa na kisanduku kitupu hata kimoja. Ndiyo maana naona afadhali ya kufukuzwa mlangoni: aliyefukuzwa ana la kulalamikia. Aliyehudumiwa nusu ana karatasi inayosema kahudumiwa.

Na kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi? Miaka yote kabla ya mimba hakuna aliyenitajia. Walichukulia kwamba mwanamke wa kwenye kiti mwendo hana mwanaume, kwa hiyo hakimhusu. Nilipokuja na mimba, swali la kwanza likawa "Nani kakufanyia hivi?", mume wangu kasimama pembeni na mkoba wangu mkononi.

Sasa sehemu ambayo usiipite haraka. Kama ulemavu wa dada yako umetokana na jeraha la uti wa mgongo, kuna mambo mawili wakunga wengi hawajawahi kukutana nayo. La kwanza, jeraha likiwa kuanzia pingili ya kumi ya kifua (pingili za uti wa mgongo usawa wa kifua, zikihesabiwa kutoka juu) kwenda juu, anaweza asisikie uchungu kama wengine, akajikuta anajifungulia nyumbani bila msaada. Mimi nilifundishwa kuweka kiganja tumboni mara kwa mara miezi ya mwisho, nihisi linavyokaza na kulegea. La pili ni hatari zaidi. Jeraha likiwa pingili ya sita ya kifua au juu yake, kibofu kilichojaa, choo kigumu, kidonda cha mgandamizo (cha kukaa au kulala muda mrefu) au uchungu wenyewe unaweza kupandisha presha ghafla, kichwa kikagonga, jasho na wekundu vikatoka usoni. Hii hudhaniwa kuwa kifafa cha mimba. Tofauti moja wanayoweza kuiona wodini ni kwamba presha hupanda tumbo linapokaza na kushuka linapolegea. Msaada wa kwanza ni kumkalisha wima, kulegeza nguo zinazobana na kuhakikisha mkojo unatoka, huku daktari akiitwa. Wengi wetu pia presha yetu ya kila siku ni ya chini, 90/60 ni kawaida kabisa, kwa hiyo 130/85 ambayo muuguzi ataiita nzuri kwetu inaweza kuwa dalili. Iandikeni presha yake ya kawaida juu kabisa ya kadi, kwa maandishi makubwa.

Nisiongee ya viti mwendo tu. Katika kikundi chetu yupo mama kiziwi ambaye alikwenda hospitali ana uchafu ukeni na maumivu. Hakukuwa na mkalimani wa lugha ya alama, akatafsiriwa na shemeji yake aliyemsindikiza. Jiweke mahali pake: unamweleza kaka wa mumeo ulilala na nani na lini. Mama yule akasema ana homa tu. Akapewa dawa za homa, akarudi baadaye ugonjwa umeshapanda kwenye kizazi. Kwenye rejista hiyo ni huduma iliyotolewa.

Kuhusu haki: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 25, unataka mtu mwenye ulemavu apate huduma za afya, ikiwemo ya uzazi, za kiwango kile kile wanachopata wengine, na kwa ridhaa yake mwenyewe baada ya kuelezwa. Ridhaa yake, si ya mume, mama wala wewe kaka. Hapo kuwa mkali hasa mkizungumzia kufunga kizazi, kwa sababu wapo wanawake wenye ulemavu waliofungwa kizazi kwa sahihi ya ndugu. Na hili si jambo la watu wachache: Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana ulemavu mkubwa, na wapo wanaokufa hadi miaka 20 mapema kuliko wengine.

Kwa hiyo alalamike, ndiyo, lakini aende na njia mkononi, maana muuguzi aliyechoka akisikia "haki yangu" peke yake anajifunga. Mwambieni tumbo linaweza kupimwa kwenye kitanda kifupi cha wodini. Uzito unapatikana kwenye mizani bapa ya kupimia mizigo: anapandishwa na kiti chake, kisha kiti kitupu kinapimwa, mnatoa. Vipimo vya ukeni vinawezekana akiwa amelala ubavu, si lazima miguu ining'inizwe. Kisanduku ambacho hakijapimwa aombe kiandikwe "haijapimwa". Hilo huwa linawaamsha kuliko barua yoyote, kwa sababu hakuna anayependa kuandika neno hilo na kuweka sahihi yake chini.

Wewe ukimsindikiza, kaa nyuma yake. Daktari akikuuliza "Anasikia maumivu?", mtazame dada yako, usijibu. Kimya kitakuwa kizito kidogo, kivumilie.

Hujasema ulemavu wake umetokana na nini. Kama ni uti wa mgongo, andika hapa jeraha liko usawa gani na mimba ina wiki ngapi, kwa sababu mpango wa kujifungua unatakiwa ukae kwenye faili mapema, pamoja na daktari wa usingizi: sindano ya ganzi ya mgongoni husaidia kuzuia ile presha ya ghafla, na haipangwi vizuri usiku wa uchungu.