Jeki za Pembeni si Hamali

Trela langu la kupigia kambi nililinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Nyali, hapa Mombasa. Lilikuwa limekaa chini ya mwembe miaka mingi, kuku wakitagia ndani. Lina ekseli moja, vitanda viwili, friji ya gesi, jeki ya mbele yenye kigurudumu, na jeki nne za mkasi, moja kila pembe. Mwenyewe alinionyesha kila kitu isipokuwa hizo jeki nne, nami sikuuliza. Nimebadilisha tairi tangu ujana, jeki itanishinda nini?

Safari ya kwanza ilikuwa Tiwi. Tulifika jioni, watoto wana njaa, na pale chini ya mivinje ardhi ilikuwa imeinama upande wa bahari. Nikalichomoa trela kwenye gari, nikaiendea jeki ya upande ulio chini, nikaanza kuzungusha. Trela likapanda. Tairi likaacha mchanga. Nikajiona fundi. Kisha nikasikia mlio kama wa muwa unaovunjwa gotini. Jeki ikapinda, trela likaanguka kwa kishindo, likasogea hatua mbili hadi kigurudumu cha mbele kikazama mchangani. Mkono wangu nilikuwa nimeutoa muda huo huo ili nipanguse jasho.

Shemeji yangu alikuwa ameshika sufuria ya wali. Akaniuliza kwa upole wote: "Kwani shemeji, hizi ni za kuinulia?"

Jibu nilipewa wiki iliyofuata na mzee mmoja wa kuchomelea vyuma, Changamwe. Aliigeuzageuza ile jeki iliyopinda, akasema, "Hii si hamali, bwana. Hii ni mkongojo." Hamali hubeba mzigo. Mkongojo humzuia mzee asiyumbe, lakini uzito wake anaubeba mwenyewe kwa miguu yake. Miguu ya trela ni magurudumu na ile jeki ya mbele. Zile nne za pembeni kazi yake ni kuzuia trela lisitikisike mtu anapotembea ndani.

Kwa hiyo kusawazisha huanza trela likiwa bado limefungwa kwenye gari, na huanza upande kwa upande. Naweka pimamaji, ile rula ya fundi yenye kiputo cha hewa, sakafuni, mlangoni, limekingama kutoka ubavu hadi ubavu. Nainua ncha ya pimamaji iliyo chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha napima ule mwanya kati yake na sakafu. Pimamaji langu lina sentimita 60, na kutoka tairi hadi tairi ni sentimita 180, yaani mara tatu. Mwanya wa sentimita 1 unataka ubao wa sentimita 3 chini ya tairi la upande ulio chini. Pima lako, hesabu ni hiyo hiyo. Ubao uwe mpana kuliko tairi, na ncha yake ichongwe mteremko, kisha gari livute trela polepole hadi tairi lipande. Mtu mmoja asimame kando kutoa ishara, si nyuma ya trela.

Tafadhali usitumie tofali za matumbawe. Najua zimejaa huku kwetu, kila ukuta unaobomolewa unakuachia rundo. Lile jiwe lina vitundu ndani, halikuonyi, huvunjika ghafla. Hata bloku za saruji hupasuka mzigo ukikaa mahali pamoja. Mbao ngumu ndizo zenye kuaminika, kwa kuwa huanza kulia kabla hazijavunjika.

Tairi likishakaa, weka kabari. Mbele na nyuma, magurudumu yote mawili, na uzigonge kwa mguu zikaze. Hapo tu ndipo unapochomoa trela kwenye gari. Mimi siku ile ya Tiwi sikuweka hata jiwe moja. Sasa tumia jeki ya mbele kuinua au kushusha pua ya trela hadi usawa wa mbele na nyuma upatikane, huku miguu yako ikiwa mbali na nguzo ya jeki hiyo.

Jeki nne huja mwisho. Chini ya kila moja weka ubao mpana, hasa kwenye mchanga. Kikanyagio cha jeki yangu ni sentimita 10 kwa 10. Ubao wa 30 kwa 30 unautandaza uzito ule ule juu ya eneo mara tisa. Zungusha kwa mkono mpaka jeki iguse, ongeza nusu mzunguko, acha. Mlango wa trela ukianza kukwama, umekaza kupita kiasi na chasisi, yaani fremu ya chini ya trela, imeanza kujipinda, legeza.

Watoto wasiingie kabla jeki za nyuma hazijashuka. Trela la ekseli moja lililochomolewa kwenye gari ni pembea: wawili wakikimbilia kitanda cha nyuma, pua inanyanyuka. Na usiingie chini ya trela lililoshikwa na jeki peke yake, hata kuokota spana. Kama kuna kazi huko chini, tafuta stendi za chuma za kuwekea ekseli.

Asubuhi ya pili zunguka ukaguse zote. Mchanga hushuka usiku, na upepo wa kusi ukivuma trela huzidi kulegea. Friji nayo ina neno hapo: hii ya gesi haina pampu, maji na amonia hushuka zenyewe ndani ya mabomba, na ikiwa trela limeinama, mzunguko unakwama. Maziwa yetu yalichacha siku ya pili pale Tiwi, nikamlaumu muuza gesi bure.

Chumvi ya huku haina huruma na skrubu. Kila tukirudi naziosha jeki kwa maji yasiyo na chumvi, nazikausha, napaka grisi.

Kuondoka ni kinyume chake: pembe nne kwanza, kabari mwisho kabisa, trela likiwa limeshafungwa kwenye gari. Mwaka jana nilisahau jeki moja, sikujua mpaka Likoni. Maji yalikuwa yamekupwa, mteremko wa kuingilia feri umekuwa mkali, ikakwaruza chuma kwa chuma mbele ya umati mzima. Tangu hapo, usiku wa mwisho wa kambi ufunguo wa gari naufunga kwenye jeki ya nyuma kushoto. Watoto wakiuliza ufunguo uko wapi, mama yao hujibu bila kuinua macho: "Umelala na jeki."