Damu Ichukuliwe Kabla ya Dozi ya Kwanza

Baba alilazwa akiwa na kiharusi. Siku ya tisa akapata homa, sasa tunaambiwa ana bakteria sugu kwenye damu. Mwili wake umezoea dawa?

Hapana, na swali hili limeshanichosha. Anayekuwa sugu ni bakteria, si mgonjwa. Hata mtu ambaye hajawahi kumeza antibiotiki anaweza kuambukizwa wodini bakteria ambaye tayari ni sugu, kupitia mikono isiyonawiwa, kanula (kijimpira cha kwenye mshipa) au mpira wa mkojo. Kila asubuhi muulizeni muuguzi: huu mpira bado una kazi? Kama hauna, utolewe leo.

Kuotesha damu, yaani kuikuza maabara kuona kama ina bakteria, huchukua siku mbili tatu. Kwa nini tusimchome antibiotiki ya seftriaksoni tu tukaona?

"Tukaona" hiyo ndiyo inayoua. Bakteria wa Klebsiella na E. koli wengi hutoa vimeng'enya vinavyovunja seftriaksoni, na jeni za vimeng'enya hivyo hubebwa na plasmidi, vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria hupeana, hata wa jamii tofauti. Sisemi mgonjwa wa sepsisi, yaani aliyezidiwa na maambukizi, asubiri majibu. Nasema chupa za damu ya kuotesha kwanza, sindano ya antibiotiki baada yake, palepale. Kwa mtu mzima chukueni seti mbili, kila seti chupa mbili, kutoka sehemu mbili za mwili, mililita 8 hadi 10 kila chupa. Ukiweka mililita 2 usishangae chupa isipoota.

Tena kujua usugu hubadili matibabu. Utafiti wa MERINO, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusu wagonjwa waliokuwa na E. koli au Klebsiella sugu kwa seftriaksoni kwenye damu. Katika siku 30 walikufa asilimia 12.3 ya waliopewa antibiotiki ya piperasilini-tazobaktamu, na asilimia 3.7 ya waliopewa nyingine, meropenemu. Bila kuotesha, utajuaje mgonjwa wako yumo kundi hilo?

Basi kila mwenye homa aanze na meropenemu?

La! Wapo bakteria wenye kimeng'enya cha NDM, ambao huivunja hata hiyo. Hapo mara nyingi hubaki dawa chache, mojawapo kolistini, inayoumiza figo. Meropenemu ni ya mgonjwa mahututi au mwenye sababu ya kushukiwa usugu, na majibu yakiruhusu dawa nyepesi, badilisheni siku hiyohiyo. Linaloniuma zaidi ni majibu mazuri ya maabara kulala kwenye faili huku mgonjwa akiendelea kuchomwa dawa asiyoihitaji.

Mwenye bakteria kwenye damu, dozi ni siku 7 au 14?

Kwa wengi 7 zinatosha, utafiti wa BALANCE wa mwaka 2024 ulionyesha hivyo. Bakteria Staphylococcus aureus hakuwemo kwenye utafiti huo: huyo anataka wiki mbili kwenda juu, na moyo uchunguzwe.

Chupa moja kati ya nne imeota Staphylococcus epidermidis. Tumpe mgonjwa antibiotiki ya vankomaisini?

Mara nyingi huyo ni bakteria wa ngozi aliyeingia chupani. Mtazameni mgonjwa kwanza, hasa kama ana mpira kwenye mshipa mkubwa. Safari ijayo safisheni ngozi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na mngoje ikauke. Watu hawangoji.

Vidonge vilivyobaki nimwekee mwanangu?

Usithubutu.

Mgonjwa ameshapata dozi mbili. Bado tuoteshe damu?

Otesheni, kabla ya dozi inayofuata. Kwenye fomu andikeni jina la dawa na saa aliyopewa. Chupa isipoota, msimwambie ndugu yake kwamba damu ni safi: huenda dawa ndiyo iliyozuia bakteria kuota.