Re: Kupanda miamba kwa kamba huku Kisumu

Ndugu, umeuliza kama kuna pa kupanda miamba kwa kamba huku Kisumu na joto hili. Miamba ipo tele, ila ile miamba mikubwa ya Kit Mikayi iache: ni mahali pa ibada, watu hufunga na kusali pale.

Ningekuwa wewe ningeenda hifadhi ya taifa ya Hell's Gate, Naivasha, kaunti ya Nakuru. Anza na Fischer's Tower, mnara wa mawe ya volkano wa kama mita 25. Huwa kuna waelekezi wenye kamba na kofia. Ingia asubuhi lango likifunguliwa tu. Saa sita jiwe linachoma viganja na jasho linatelezesha vidole. Ukiona michirizi myeupe ya kinyesi ukutani, juu kuna kiota cha tai au tumbusi, tafuta njia nyingine. Chakula funga vizuri, pimbi wa pale, wale wanyama wadogo wa miambani, hawana adabu.